Harufu ya Samaki Ndani ya Prizi: Namna ya Kutafuta Kosa la Umeme Nyumbani



Mara hii sitaandika juu ya michezo wala juu ya mitihani. Nataka kuwaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu Kadutu wakati wa likizo ya Pasaka, na yale niliyojifunza kwalo juu ya prizi za umeme. Naomba musome mpaka mwisho. Katika mji wetu nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana. Moto ukikamata nyumba moja, hauulizi jirani kama yuko tayari.

Nyumbani tunapika kwa makala, lakini umeme ukiwako Mama anatumia resho. Kazi yake ni kuuza sambaza. Basi jioni moja tukasikia harufu ya samaki aliyeoza. Mama akasema, "Kuna sambaza zimeanguka nyuma ya kabati." Tukasogeza kabati, hatukuona kitu. Tukaosha beseni zote kwa sabuni na majivu. Asubuhi harufu haiko. Jioni, wakati wa kupika, imerudi. Siku ya pili Mama alinigombeza kwamba sikuosha vizuri. Nikaosha tena.

Siku ya tatu baba mudogo akaja kutusalimia. Yeye ni fundi wa umeme tangu miaka mingi. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni akivuta pua, kisha akauliza:

"Shemeki, hii harufu inakuyaka saa gani?"

"Saa ya kupika."

"Na siku umeme haiko, unapika na makala, inakuyaka?"

Mama akafikiri kidogo. "Hapana. Siku ile haikuwako."

"Basi ile haiko samaki. Ni prizi yako inaungua."

Aliweka mgongo wa mkono juu ya ubao, karibu na prizi ya resho. Ubao ulikuwa wa moto kama sahani ya chakula. Akachomoa fishi: mguu wake mmoja ulikuwa mweusi. Wakati ule ule umeme ukaenda katika mtaa wote, kama tulivyozoea. Mimi nikafurahi, nikachukua turnavisi mbio nifungue prizi. Baba mudogo akanipiga mkononi.

"Umeme haiko, baba mudogo!"

"Haiko, lakini nani aliikata? Weye? Ikirudi sasa hivi, utakuwa unashika nini?"

Tukaenda kwanza kwenye kofre. Akachomoa fizibu ya prizi na kuitia ndani ya mfuko wa suruali yake. Hatukuwa tumemaliza kufungua skrubu ya pili, tukasikia watoto wa jirani wakipiga kelele ya furaha: umeme umerudi. Nilitazama vidole vyangu, nikanyamaza.

1. UMEME UNAFIKA NAMNA GANI KWENYE PRIZI?

Mutu hawezi kutafuta kosa la njia asiyoijua. Tuanze mbali kidogo. Maji ya ziwa Kivu yanatoka hapa hapa Bukavu kwa mto Ruzizi, yanateremka mpaka ziwa Tanganyika. Juu ya mto huo kuna kiwanda cha Ruzizi I kilichoanza kazi mwaka 1958, na Ruzizi II cha mwaka 1989 ambacho Kongo, Rwanda na Burundi wanakitumia pamoja. Umeme unasafiri kwa nguvu kubwa, kisha kwenye kabine za mitaa unapunguzwa mpaka volti 220. Huo ndio unaoingia nyumbani.

Nyumbani unapita kwanza kwenye kontere, halafu kwenye dijonkteri kubwa, halafu kwenye kofre yenye fizibu au dijonkteri ndogo ndogo. Kutoka kofre zinatoka nyaya. Waya wa fazi unaleta umeme. Huo ndio unaouma. Waya wa netre unarudisha umeme. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ni wa tere: hauna kazi siku zote, lakini siku ya hatari unapeleka umeme ardhini ili usipite katika mwili wa mtu.

Sasa shikeni neno hili, maana lina faida kubwa. Mara nyingi kila prizi haina waya wake peke yake kutoka kofre. Waya unaingia prizi ya kwanza, unatoka hapo kwenda ya pili, kutoka ya pili kwenda ya tatu, na kuendelea. Ni kama watoto wa shule ya msingi wanaovuka barabara wakishikana mikono. Mmoja akiachilia mkono, wote walio nyuma yake wanapotea, ingawa wao hawakukosa.

Uganda, Kenya na Tanzania wengi wanafuata desturi ya Uingereza. Huko mara kwa mara waya unazunguka prizi zote na kurudi tena kwenye kofre, kama duara. Tena fishi yao ya miguu mitatu ya mraba ina fizibu yake ndogo ndani. Vyombo vingi vya soko letu vinapita njia ile. Fishi haiingii katika prizi zetu za matundu ya mviringo, basi watu wanafanya nini? Wanaikata na kuitupa, wanasukuma nyaya tupu ndani ya prizi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Wamefanya makosa mawili kwa mkono mmoja: wamelegeza njia ya umeme, na wametupa fizibu iliyokuwa mlinzi wa chombo. Fishi ya kwetu iliyofungwa vizuri kwa skrubu haina bei kubwa kupita nyumba.

2. KWA NINI FIZIBU YETU HAIKUKATA?

Hili ndilo swali nililomwuliza baba mudogo. Nilifikiri kwamba fizibu ikiwa nzima, nyumba ni salama. Sivyo, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Fizibu inajua jambo moja tu: umeme mwingi kupita kiasi. Tupige hesabu tuliyofundishwa katika fizikia. Wati ni volti mara ampere. Resho yetu ni ya wati 2000. Gawanya kwa 220, unapata ampere 9 na kitu. Fizibu yetu ni ya ampere 16. Kwa fizibu, 9 ni kazi ya kawaida, inalala usingizi.

Lakini ndani ya prizi skrubu moja ilikuwa imelegea. Waya uligusa chuma kidogo tu. Tuseme mahali pale palikuwa na rezistansi ya nusu omu, kitu kidogo sana. Joto linalozaliwa hapo ni ampere mara ampere mara omu: 9 mara 9 mara 0,5. Jibu ni wati 40 na nusu. Ni kama kuficha ampuli ya zamani ya wati 40 ndani ya kisanduku cha plastiki, nyuma yake ubao mkavu, na kuiwasha kila jioni saa nzima. Na joto likizidi, chuma kinaingia kutu nyeusi, rezistansi inaongezeka, joto linazidi tena. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Ile harufu ya samaki ilitoka katika plastiki ya prizi na fishi. Aina nyingi za plastiki za umeme zikipata joto sana zinatoa harufu namna hiyo, au harufu ya mkojo. Basi ukisikia harufu ya samaki na samaki haiko, usioshe beseni. Tafuta prizi.

Tulipoondoa prizi ukutani, ubao wa nyuma ulikuwa umekuwa kahawia kama mkate, upana wa vidole vinne. Mama aliuangalia sana. Kitanda cha wadogo zangu kiko upande wa pili wa ubao ule.

3. MAGONJWA MATANO YA PRIZI

Baba mudogo alinifundisha kwamba mambo ni mengi lakini magonjwa ni matano. Kila moja lina alama yake.

a) Njia imekatika. Prizi imekufa, fizibu ni nzima. Waya umevunjika au umetoka kwenye skrubu.

b) Fazi na netre zimegusana. Ukirudisha fizibu, inakatika hapo hapo, pengine na mlio. Huu ni mguso wa moja kwa moja, Wafaransa wanauita "court-circuit".

c) Mzigo umezidi. Fizibu haikatiki mara moja. Inakatika baada ya dakika kadhaa. Resho ya wati 2000 inachukua ampere 9, birika ya umeme ya wati 1500 karibu 7, pasi ya wati 1000 karibu 4 na nusu. Ukiwasha zote kwa waya mmoja ni zaidi ya 20. Fizibu ya 16 inafanya haki yake ikikata. Haijaharibika, inasema kweli.

d) Umeme unavuja. Waya uliochubuka unagusa chuma cha chombo. Chombo kinafanya kazi vizuri kabisa, lakini ukikigusa na miguu yenye maji, kinakuuma. Pasipo tere, fizibu haioni kitu. Hata tere ikiwako, kama ardhi ni kavu na rezistansi yake ni omu 20, utapita ampere 11 tu, na fizibu ya 16 itakaa kimya. Ndiyo maana mafundi wa leo wanaweka dijonkteri ya diferansieli: inapima umeme unaokwenda na ule unaorudi, na tofauti ikifika miliampere 30, inakata mbio. Mwenye kujenga nyumba asisahau chombo hiki.

e) Kiungo kimelegea. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu. Alama zake: joto, harufu, sauti ndogo kama ya mafuta kwenye kikaango, ampuli inayopepesa resho ikiwashwa, rangi nyeusi au ya kahawia kuzunguka matundu. Ni ugonjwa mbaya kuliko yote, kwa sababu kila kitu kinaendelea kufanya kazi.

4. VYOMBO VYA KUTAFUTIA

Havihitaji fedha nyingi. Turnavisi yenye mpini mzima. Koleo. Chateritoni. Ampuli ya filamenti ya volti 220 ndani ya duyi yake, yenye nyaya mbili na fishi, ya kujua kama umeme uko au hauko. Sitaki ampuli ya LED kwa kazi hii, kwa sababu nyingine zinaweza kuwaka kidogo hata pasipo umeme wa kweli, zikakudanganya.

Halafu chombo cha pili mnachoweza kutengeneza wenyewe: batri ya tochi, ampuli ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya. Ukigusisha ncha za nyaya pamoja, ampuli inawaka. Ukiweka waya mwingine katikati na ampuli ikawaka, waya ule haukukatika. Ikizima, umekatika. Chombo hiki kinatumika tu wakati fizibu imechomolewa.

Wengi wana turnavisi ya testeri yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ni nzuri, lakini ina fumbo lake, nitalieleza hapa chini.

5. NAMNA YA KUTAFUTA

Kwanza, kata wewe mwenyewe. Chomoa fizibu, au teremsha dijonkteri, na kama kofre ina fizibu mbili za njia ile, ya fazi na ya netre, chomoa zote mbili. Uzitie mfukoni. Mwambie kila mtu wa nyumba. Umeme ulioenda wenyewe utarudi wenyewe, na hautapiga hodi.

Pili, hakikisha. Kabla ya kukata, chomeka ampuli yako ya filamenti kwenye prizi nzima: imewaka, basi ni nzima. Baada ya kukata, ipeleke kwenye prizi unayotaka kufungua: haiwaki. Halafu irudishe kwenye njia nyingine yenye umeme: imewaka tena. Sasa ndipo unaweza kuamini kwamba prizi imekufa, na si ampuli iliyokufa. Lakini ukikuta mtaa wote hauna umeme, huwezi kuhakikisha, ngoja urudi.

Tatu, uliza maswali kabla ya turnavisi. Baba mudogo aliuliza mawili tu, saa gani na umeme ukiwa haiko, na akajua. Uliza: Prizi gani zimekufa, na gani zinafanya kazi? Kosa lilianza lini? Siku ile nani alipiga msumari ukutani? Mvua ilivuja wapi? Andika kwenye karatasi prizi zote kwa namba, kufuata njia ya waya.

Nne, ondoa vyombo vyote. Chomoa kila kitu, hata chaja ya telefone. Rudisha fizibu. Ikikaa, ukuta ni mzima na kosa liko katika chombo kimoja. Chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachokata fizibu ndicho kikosa. Ikikatika na hakuna kitu kilichochomekwa, kosa liko katika waya au prizi.

Tano, gawanya kati kati. Hapa hesabu inasaidia. Tuseme muna prizi 8 kwenye mstari, na fazi na netre zinagusana mahali fulani. Mutu asiyejua atafungua zote 8. Wewe fungua ya 4, tenganisha nyaya zinazoendelea kwenda ya 5, ukiwa umekata umeme. Weka batri na ampuli ya tochi kati ya fazi na netre upande mmoja, halafu upande wa pili. Pale ampuli inapowaka ndipo zinagusana. Nusu nyingine iache. Zimebaki 4, gawanya tena, zimebaki 2, gawanya tena, imebaki 1. Umegawanya mara tatu tu.

Ikiwa ugonjwa ni njia iliyokatika, ni rahisi zaidi. Prizi 1 mpaka 4 zinafanya kazi, 5 mpaka 8 zimekufa. Usihangaike na ya 8. Kosa liko katika skrubu za kutokea za prizi ya 4, au skrubu za kuingilia za prizi ya 5, au katika waya ulio kati yao. Nyingi za hizo ni skrubu, si waya. Kumbukeni watoto wanaoshikana mikono: tafuteni mkono ulioachiliwa, si mtoto wa mwisho anayelia.

Sita, fumbo la testeri. Pengine prizi imekufa, ampuli haiwaki, lakini testeri inawaka katika tundu zote mbili. Watu wanastaajabu: "Fazi mbili!" Hapana. Netre imekatika. Umeme unaingia kwa fazi, unapita ndani ya chombo kingine kilichoachwa kimewashwa kwenye njia ile, unafika upande wa netre na kukosa njia ya kurudi. Kwa hiyo tundu zote mbili zinauma, ingawa chombo hakifanyi kazi. Zima vyombo vyote, utaona taa ya testeri inazima katika tundu moja. Sasa tafuta netre iliyolegea. Na ukiona nyumba kadhaa za mtaa zina ampuli kali sana na nyingine zina ampuli dhaifu, netre ya nje imekatika: teremsha dijonkteri kubwa haraka, chomoa vyombo, ita watu wa SNEL. Usipande nguzo.

Saba, ugonjwa wa kiungo kilicholegea hautaonekana kwa batri ya tochi, kwa sababu nusu omu ni kidogo mno, ampuli itawaka tu. Tumia pua, macho na mkono. Baada ya kutumia resho dakika ishirini, weka mgongo wa mkono juu ya kifuniko cha prizi. Kikiwa kizima na kikavu hakitakuuma. Uvuguvugu kidogo si kitu. Kikiwa cha moto, kata umeme, ngoja kipoe, fungua. Vuta kila waya kidogo: ukicheza, umelegea. Waya ulioungua ukate mpaka pale shaba inapong'aa, uumenye tena, ukaze vizuri. Prizi iliyoungua isirudishwe ukutani hata ukiisugua. Chuma chake kimekwisha nguvu ya kubana fishi. Nunua nyingine.

Sisi tulifanya hivyo. Tulikata waya urefu wa kidole, tukatia prizi mpya ya ampere 16, na nyuma yake tukaweka kipande cha bati na kuacha nafasi ya hewa. Halafu baba mudogo alifungua prizi nyingine zote nne za nyumba. Mbili zilikuwa na skrubu zilizolegea.

6. MAKATAZO

Usiamini rangi za nyaya. Leo netre ni bluu na fazi mara nyingi ni kahawia, nyeusi au nyekundu. Lakini kwa desturi ya zamani ya Kiingereza nyeusi ilikuwa netre, na katika nyumba zetu fundi alifunga waya aliopata. Waya wa tere tu, kijani na manjano, ndio usiotumika kwa kazi nyingine. Nao pia nimeona umetumika kama fazi. Pima kwanza.

Usibadilishe fizibu kwa waya wa shaba. Waya wa shaba wenye unene wa milimetre 1 hauyeyuki mpaka upitiwe na ampere karibu 80. Kabla ya kufika hapo, waya wa 2,5 ulio ndani ya ukuta utakuwa umekwisha kuwaka moto. Umemfunga mlinzi mdomo, kisha unasema usiku ulikuwa na amani.

Usivute umeme kwa jirani kwa waya mwembamba. Waya wa 1,5 wenye urefu wa metre 40, kwenda na kurudi ni metre 80. Rezistansi yake inakaribia omu 1. Resho ikiwashwa mwisho wake, waya wenyewe unakula wati zaidi ya 75, na ukikunjwa kama kamba ya mbuzi chini ya mkeka joto halina pa kutokea.

Katika bweni letu, usichomeke multiprizi ndani ya multiprizi. Chaja za telefone ni mzigo mdogo, lakini kila fishi iliyolegea ni kiungo kilicholegea. Na hasa usichomeke pasi pale.

Usifanye kazi peke yako. Mwenzako akikamatwa na umeme, usimshike. Kata kwenye kofre kwanza. Kama kofre iko mbali, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa ubao mkavu au mti wa ufagio. Akiwa hapumui, mpeni pumzi na kumkandamiza kifua mara moja, na mtu mwingine akimbie kutafuta muganga. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kukata. Mchanga ni bora.

Tena, ujue mpaka wako. Kupima, kukaza skrubu na kubadilisha prizi umekwisha kukata umeme, mwanafunzi aliyefundishwa anaweza, akiwa na mtu mzima. Kofre, kontere na waya wa nguzo ni kazi ya fundi na ya SNEL.

7. KWA KUMALIZA

Wapendwa, tulizoea kungojea fizibu ikatike ndipo tuseme kuna kosa. Fizibu haisikii harufu na haina mkono wa kugusa ubao. Wewe unavyo vyote viwili. Jumamosi hii, ukifika nyumbani, zunguka prizi zote baada ya kupika. Gusa, nusa, tazama. Ni kazi ya robo saa.

Mama sasa anamwambia kila mteja sokoni: "Sambaza zangu haziozake. Ukisikia harufu, uende uangalie prizi yako kwanza." Watu wanacheka. Lakini mwanamke mmoja wa Nyamugo alirudi kesho yake kumshukuru.

Maswali ya kujipima:
1) Fizibu inakatika baada ya dakika kumi, si mara moja. Ni ugonjwa gani, na utaondoa nini kwanza?
2) Prizi 12 ziko kwenye mstari mmoja, na fazi na netre zimegusana. Ukigawanya kati kati, utagawanya mara ngapi kwa wingi?
3) Testeri inawaka katika tundu zote mbili. Waya gani umekatika?

Leteni majibu kwa mwalimu wa fizikia kabla ya Ijumaa. Asiyeelewa aje aniulize kwenye bweni, nitamwonyesha ile prizi iliyoungua. Nimeiweka.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita